Risasi Isiyo na Tundu

Mtaani kwao neno risasi lilikuwa neno la kazini, kama saruji au mbao. Wanaume waliamka, wakavaa viatu vya mpira, wakaenda kiwandani kuyeyusha risasi. Betri kuukuu za magari ziliingia langoni kwa malori, zikapasuliwa kwa shoka, maji yake makali yakamwagwa mferejini, na yale madini ya kijivu ya tumboni mwake yakatiwa kwenye tanuri mpaka yakawa uji unaong'aa. Uji ukishapoa ndiyo risasi yenyewe, kipande kidogo cha kuvunja mgongo. Mwanamke akimuuliza mwenzake mumeo yuko wapi, alijibiwa, "Yuko kwenye risasi," na mazungumzo yakaendelea bila mtu kupepesa macho.

Mbunge wa eneo hilo alikulia ndani ya neno hilo. Baba yake alilitoa kiwandani akalileta mezani pamoja na kikohozi chake. Kabla ya ubunge alikuwa akizunguka na gari la matangazo, leo chanjo, kesho msiba, keshokutwa mafuta ya kupaka yameshuka bei, na watu wakambandika jina la Kipaza. Uchaguzi ulipofika hakuhitaji kujitambulisha. Alishaingia kila nyumba kupitia dirishani.

Mara hii aliingia kwa mlango wa nyuma, kwa dada yake wa kuzaliwa naye, dobi aliyefua mashuka ya nyumba za wageni kando ya mfereji. Alimkuta ameinama juu ya beseni, povu limefika viwikoni. Pembeni, juu ya gunia, alikaa mjukuu wake wa miaka minne. Huyo walimwita Cherehani, kwa sababu tangu alipopata ulimi alishona maneno toka alfajiri hadi usingizi unapomkata katikati ya sentensi.

"Mwamkie bibi mdogo," dobi alisema.

Mtoto alimtazama Kipaza. Midomo yake ilicheza kidogo, kama mtu anayetafuta funguo gizani, kisha akarudi kuchezea pindo la gauni.

"Amenuna?" Kipaza aliuliza.

"Angenuna ningefurahi. Kununa ni jambo la mtu mwenye maneno." Dobi alijipangusa povu. "Maneno yanamtoka, mdogo wangu. Wiki ile alikuwa anasema kijiko. Sasa anakinyooshea kidole. Usiku analia tumbo, mchana analala. Na si huyu tu. Wa fundi viatu anaangukaanguka. Wa muuza mkaa amesahau hata jina lake."

"Zahanati wanasemaje?"

"Muuguzi anasema dalili zote ni za risasi kwenye damu, inatoka kwenye maji haya ya mfereji. Kipimo hana. Anasema mashine ziko mji mkuu, na wenye kuzituma huku ni Serikali." Alimkazia macho. "Sasa wewe ndiye mtu wetu huko. Sitaki hotuba. Sitaki kiwanda kifungwe, najua hutaweza. Nataka waje watoe damu ya hawa watoto waipime. Muuguzi anasema dawa ipo, ila ikichelewa, kilichopotea hakirudi."

"Watakuja. Nitasimama niulize, Waziri atasema ndiyo nchi nzima ikimsikia. Akishasema, hana pa kurudi."

"Apa."

"Naapa!"

"Hiyo ni sauti ya kampeni. Apa kwa sauti ya nyumbani."

Kipaza akaapa tena, taratibu.

*

Bungeni, swali haliingii ukumbini na miguu yake. Linapitia kwanza mezani kwa karani wa maswali, mwanamume wa shati lisilojua kujikunja, mpole hadi anatia mashaka. Alilisoma swali la Kipaza kalamu ikiwa hewani, kama mwewe.

"Mheshimiwa, hapa umeandika sumu."

"Ndiyo, kwa sababu ni sumu."

"Sumu ni tuhuma. Kanuni zinataka tuhuma iambatane na cheti cha maabara."

"Ndugu yangu, ninachoiomba Serikali ni hicho kipimo. Nikiwa na cheti nitakuwa nauliza nini?"

Karani alitabasamu kwa huruma ya mtu aliyeshasikia hilo akalizoea. "Na hapa umeandika risasi. Hii ikipita hivi, swali litapelekwa Wizara ya Usalama."

"Usalama wapi na maji wapi? Ni madini haya."

"Mimi najua. Ila mimi si ukumbi." Akashusha kalamu, akakata mara mbili, akaandika juu yake kwa mwandiko mzuri mno. "Tuweke changamoto. 'Changamoto za ubora wa maji.' Hili neno halina ubishi, linapita kila mlango."

Kipaza aliutazama mwandiko ule na hasira ikampanda mpaka masikioni. Changamoto! Neno lililozaliwa kuchangamsha watu, kuwatia moto wainuke, sasa limeajiriwa kuwabembeleza walale. Njaa changamoto, daraja kuanguka na watu changamoto, mtoto kusahau kijiko changamoto. Alitaka kukataa. Lakini kikao kilikuwa kinaelekea ukingoni, na kilichofuata kilikuwa mbali sana kwa mtoto anayepoteza maneno.

"Nikikubali?"

"Unaingia wiki hii. Swali la msingi likishajibiwa unapata la nyongeza, na kwenye nyongeza mheshimiwa, mdomo ni wako." Alimrudishia karatasi kwa mikono miwili. "Ila jambo dogo tu. Ukifika pale sema madini ya risasi. Usiliache neno lile likatembea peke yake."

Ananifundisha Kiswahili, Kipaza aliwaza akitoka. Mimi!

*

Siku ya swali, dobi alikusanya majirani uani kwake, redio ikawekwa juu ya beseni lililopinduliwa. Kipaza aliambiwa hayo kwa simu akiwa tayari ameketi, na moyo wake ulijaa. Kiti cha kulia kwake kilikuwa cha mbunge mkongwe ambaye Bunge zima lilimwita Mjomba Usingizi. Alikuwa kazini, kidevu kimegusa tai.

Swali lilisomwa. Naibu Waziri wa Maji akasimama na karatasi yake. "Mheshimiwa Spika, Serikali inazitambua changamoto hizo, na itaendelea kuzifanyia kazi kadiri hali itakavyoruhusu." Akaketi. Jibu lote liliisha kabla Kipaza hajamaliza kufungua kofia ya kalamu.

"Nyongeza," Spika alisema.

Kipaza alisimama. Aliziona sura za uani kwa dada yake kana kwamba ziko pale kwenye zulia. Akavuta pumzi, na sauti ile iliyokuwa ikivuka mabati na kelele za soko ikaufungua ukumbi.

"Mheshimiwa Spika, mimi sikuja hapa kwa changamoto! Watoto wa kwangu wana risasi mwilini! Watoto wadogo, hata shule hawajaanza, wamejaa risasi, na anayewatia anajulikana!"

Mjomba Usingizi akazinduka kama aliyemwagiwa maji. "Nani kapigwa?" aliropoka, kipaza sauti cha mezani kwake kikiwa wazi.

Ukumbi ukalipuka. Watu wakasimama. Mama mmoja upande wa pili alishika kichwa. Spika aligonga meza mpaka kukatulia.

"Mheshimiwa, hili ni jambo zito. Nani amewapiga watoto risasi?"

"Kiwanda, Mheshimiwa Spika."

"Kiwanda kina watu wenye silaha?"

"Kina walinzi, ndiyo, lakini—"

"Walinzi ndio waliofyatua?"

"Hapana! Hakuna aliyefyatua. Iko kwenye maji."

"Risasi iko kwenye maji?"

"Ndiyo!"

"Bastola ya maji hiyo!" sauti ilitoka viti vya nyuma, na kicheko kikatambaa mstari hadi mstari. Hata waliokuwa wameshika vichwa wakaviachia.

Hapo ndipo Kipaza alipolisikia neno lake kwa masikio ya wengine. Likamgeukia mdomoni. Maisha yake yote alilisikia likiwa na harufu ya moshi na viatu vya mpira. Hapa lilikuwa na mlio.

"Nazungumzia madini, Mheshimiwa Spika. Madini ya risasi, yale ya betri—"

"Muda wako umekwisha."

"Naomba tu nifafanue—"

"Umesema risasi mwilini, umesema mhusika anajulikana, umesema kuna walinzi. Siwezi kuliacha likaning'inia. Waziri wa Usalama alete taarifa hapa. Nawe mheshimiwa, kauli yako inabaki kama ulivyoitoa mpaka taarifa ije." Taa nyekundu ya kipaza sauti chake ilizimika.

Kwenye ukumbi wa nje alimkimbilia Waziri wa Usalama, mtu mnene mwenye macho ya baba wa watu. Alimsikiliza hadi mwisho, bila haraka.

"Nimekuelewa mama. Kabisa. Ni betri."

"Basi peleka wapimaji wa damu."

"Kiti cha Spika kimesema risasi. Nikirudi na habari za betri nitaonekana nimekwepa. Watakwenda polisi, wakague, tumalize." Alimgusa bega. "Si umetaka watu waje? Watakuja."

*

Kipaza aliendesha gari mwenyewe hadi mtaani, akawakuta polisi wamekwishaanza. Watoto walipangwa kwenye ukuta wa shule, mashati yamevuliwa, wengine wakicheka kwa kutekenywa na baridi. Daktari wa polisi, kijana mwenye glovu, alikuwa akiwageuza mmoja mmoja: mgongo, kifua, kwapa, nyayo. Nyuma ya kila mtoto alisimama mama, kimya, kama anayesubiri zamu ya maji.

Zamu ya Cherehani ilipofika, dobi alimbeba mwenyewe, akamnyoosha mkono mdogo mbele ya daktari.

"Chota hapa, mwanangu. Mshipa wake ni mwepesi kuona."

"Damu sitoi mama."

"Sasa utaionaje? Imo ndani ya damu."

"Nimetumwa kutafuta tundu. Pa kuingilia au pa kutokea."

"Iliingia kwa mdomo."

Daktari alisita. Kisha akamwinamia mtoto, akamfungua mdomo, akamulika tochi kila upande. Cherehani alikaa ametulia, mdomo wazi, kama aliyeambiwa aimbe akasahau wimbo.

"Mdomo hauna jeraha," daktari alimwambia aliyekuwa akiandika.

Mmoja wa akina mama aliangua kicheko kikali, kikamgeukia kikawa kitu kingine, akajifunika uso kwa kanga.

Kipaza alimvuta daktari kando ya ukuta. "Wewe umesoma. Unajua ninachosema."

"Najua, mheshimiwa." Alikuwa akivua glovu kidole kimoja kimoja, macho yake kwenye vidole. "Niliwaona fizi tu nikajua. Wana mstari mweusi pale."

"Basi andika."

"Nikiandika ninachojua, wakubwa wataniuliza nani alinituma kujua." Akazitupa glovu kwenye mfuko. "Mimi pia nina watoto. Nisamehe."

"Nikusamehe mimi? Wa kusamehe ni wale pale ukutani."

Daktari aliita zamu nyingine.

*

Taarifa ilisomwa siku ya mwisho ya kikao. Waziri wa Usalama aliisoma kwa sauti ya mtu anayefunga begi. Watoto wote wa mtaa uliotajwa wamekaguliwa na daktari. Hakuna aliyekutwa na risasi mwilini. Hakuna silaha iliyofyatuliwa. Walinzi wa kiwanda wana marungu tu.

"Mheshimiwa," Spika alisema, "umeisikia. Unafuta kauli, au nikutoe nje na usikanyage hapa kikao chote kijacho?"

Kipaza alisimama. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, lakini akili ilikuwa bado inapiga hesabu. Akikataa, atatoka kifua mbele, picha yake itapigwa mlangoni, na mtaani hakutakuwa na mtu wa kuuliza chochote. Akifuta, atabaki na kiti, na mwenye kiti anaweza kuuliza tena, kwa njia nyingine, kwa waziri mwingine, Waziri wa Afya labda. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Mjomba Usingizi, macho wazi leo, alimvuta ncha ya kitenge. "Futa, binti yangu. Humu ndani kila mtu ameshafuta kitu. Hata hatukumbuki ni nini."

"Nafuta, Mheshimiwa Spika."

"Unafuta nini? Kumbukumbu za Bunge zinataka maneno kamili."

"Nafuta kauli," alisema, na ile sauti yake kubwa ikagoma, ikatoka nyembamba kama ya mtu kwenye simu, "nafuta kauli kwamba watoto wa kwangu wana risasi mwilini."

Meza zilipigwa kwa shangwe.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa karani wa maswali, koti bado mkononi. Alitaka Wizara ya Afya, kikao kijacho, swali la kwanza. Atasema madini ya risasi. Atasema hata madini ya betri, lile neno lingine asiliguse kabisa.

Karani alimvutia kiti. Hakuchukua kalamu.

"Jambo ambalo mbunge amelifuta mwenyewe, mheshimiwa, halirudi mezani mpaka Bunge hili livunjwe na uchaguzi mwingine ufanyike. Si kwa neno lile wala kwa jina lingine. Ningekuwa na njia ningekuambia."

"Kwa nini hukuniambia kabla?"

"Hukuniuliza," alisema, na kwa mara ya kwanza upole wake ulionekana ni uchovu. "Na ungekataa kufuta, usingekuwa na kiti cha kuulizia. Nililiangalia pande zote mbili jana, nikikuwaza wewe. Nimekosa mlango."

*

Dobi alikuwa kwenye beseni lilelile Kipaza alipomkuta. Redio haikuwepo. Kipaza aliketi juu ya gunia bila kuambiwa karibu.

"Nilikusikia," dobi alisema.

"Dada, walinibana. Nilidhani nikibaki na kiti—"

"Nimesema nilikusikia. Sijasema nimekulaumu."

Hilo lilimuuma kuliko matusi. "Zahanati je? Muuguzi yule bado yuko upande wetu. Aandike rufaa, nimpeleke Cherehani mimi na gari langu."

"Muuguzi aliitwa na wakubwa zake. Meneja wa kiwanda aliwapelekea ule ukurasa wa kumbukumbu za Bunge, wenye maneno ya Waziri na ya kwako. Wakamwambia hapa hakuna mtoto mwenye risasi, aliyesema ipo amekana mwenyewe. Siku hizi anaandika minyoo. Watoto wote wa mtaa huu wana minyoo." Alicheka kidogo puani. "Wamekunywa dawa ya minyoo mpaka minyoo ya majirani imekufa."

"Nitampeleka hospitali ya kulipia basi. Kesho."

"Mpeleke. Sikukatazi." Dobi aliacha kufua. "Nilishampeleka. Niliuza kitanda, sikukwambia, ulikuwa na mambo yako ya Bunge. Wakapima. Ipo, tena nyingi, ila cheti hawakuthubutu kuniandikia. Daktari wa pale akanieleza vizuri, kijana mzuri. Akasema dawa inatoa kilichomo kwenye damu, kilichokwisha kuliwa kichwani hakirudishi. Akasema, na ukimtibu ukamrudisha kwenye maji yaleyale, ni kama unapiga deki mvua ikiingia."

Cherehani alikuwa amekaa kizingitini, miguu imenyooshwa, akivitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mgeni.

"Jana ameniita 'we'," dobi alisema. "'We, we.' Nikamwambia bibi, sema bibi. Ananiangalia tu. Limemtoka na hilo."

"Sitakaa kimya, dada. Nitauliza tena. Bunge likivunjwa, nikirudi, siku ya kwanza kabisa—"

"Utauliza kwa neno gani?"

Alifungua mdomo. Alitafuta. Sumu ilitaka cheti. Risasi ilitaka tundu. Changamoto ilikuwa imeshajibiwa. Alipekua Kiswahili chote alichozaliwa nacho, cha misibani na sokoni na cha juu ya gari la matangazo, akitafuta neno moja ambalo ukumbi ule ungelisikia kama lilivyo, na kila alilolishika lilikuwa limekwishapita mezani kwa mtu.

Dobi hakusubiri. Alivuta shuka zito kutoka kwenye beseni, akamrushia ncha moja.

"Shika huko. Zungusha kulia."

Kipaza akashika. Wakalisokota, huyu kulia yule kushoto, mpaka likakaza kama kamba na maji yakashuka kati yao, yakakimbia ardhini kurudi mferejini. Mtoto kizingitini aliyafuata kwa macho mpaka yalipopotea, akanyoosha kidole.

"Maji," Kipaza alimwambia. "Hayo ni maji. Sema maji."

Cherehani akaendelea kunyoosha kidole.

"Kaza," dobi alisema. "Bado lina maji mengi."